Natafuta Bozena Yeyote

Juzi, kwenye chumba cha kungojea kwa daktari wa meno, msichana wa mapokezi alichungulia mlangoni, akatazama karatasi yake, jina la ukoo likamshinda kutamka, akaamua kuita jina la kwanza tu: "Madame Bozena?" Tukasimama wawili. Mwenzangu alikuwa bibi wa Kipolandi mwenye kigari cha sokoni na kofia ya sufu, akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni, kama wanavyonitazama wengi wakisikia ninavyoitwa. "Moi," akasema, akijigusa kifuani. "Moi aussi," mimi pia, nikamjibu. Tulicheka mpaka yule msichana akasahau alikuwa anamtaka nani. Bibi yule alinukia kabichi iliyochachushwa na sabuni ya sakafu, na jino lililonipeleka pale likaacha kuniuma kabisa, kwa sababu harufu ile ilikuwa imekwisha kunirudisha mtaa wetu wa Saint-Josse, ghorofa ya tatu, mwaka ule nusura ninyang'anywe jina langu.

Ninyi mliokulia mji huu pamoja nami, mkitembea na ufunguo wa nyumba shingoni, mnajua kwamba darasani kwetu majina hayakuwa jambo la kushangaza. Tulikuwa na Merveille, tulikuwa na Mehmet wawili, tulikuwa na Dieudonné aliyepigana na kila mtu. Lakini siku ya kwanza ya shule mwalimu aliita "Bozena", nikainua mkono, naye akaendelea kunitafuta miongoni mwa watoto wa kizungu kwa dakika nzima. Sikuushusha mkono. Mimi tangu utotoni ni mtu wa kichwa kigumu, na Maman alizoea kusema kwamba kichwa changu kingefaa kupasulia nazi, ila bahati mbaya nazi za Matonge, mtaa wa maduka ya Waafrika, ni ghali.

Jina lenyewe alilileta Papa kutoka Polandi. Kabla hajaoa alipelekwa huko kusomea madini, katika mji wa makaa ya mawe ambako theluji, alisema, ilianguka nyeupe na kufika chini ikiwa nyeusi. Baridi ya mwaka wa kwanza ilimwangusha. Alilala bwenini na homa ya mapafu, wenzake wote wamekwenda kwao kwa ajili ya Noeli, na mtu pekee aliyegundua kwamba kijana wa Kolwezi haonekani mezani alikuwa mpishi wa bweni, mama mnene aliyeitwa Bozena. Mama huyo alipanda ngazi kila siku na bakuli la supu nyekundu, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamlisha kwa kijiko, wiki tatu nzima. Papa alikuwa bado hajajua Kipolandi, na mama huyo hakujua Kifaransa. Papa alipopona alimwambia, kwa ishara na kwa maneno kumi aliyokuwa ameokota, kwamba binti yake wa kwanza ataitwa Bozena. Mama yule alicheka sana. Alidhani ni mzaha wa mgonjwa.

Haukuwa mzaha, kwa sababu kwetu Katanga jina si pambo. Mtoto hupewa jina la mtu, na wenye jina moja huitana majina, kama watu wa pwani wanavyosema somo. Majina mkubwa lazima aje kumwona majina mdogo. Humshika mkono mbele za watu, humfunga kitenge kiunoni, na kutamka, "Huyu ni mimi." Tangu siku hiyo wanahesabiwa mtu mmoja. Binamu yangu Ngoie, mwenye jina la nyanya yetu, alikuwa na miaka sita na kamasi puani, lakini akiingia sebuleni wajomba wazima wenye vitambi walisimama kumpisha kiti, wakimwita mama yao. Na Ngoie alikikalia kiti, tena kwa maringo!

Mimi nami nilikuwa na ufalme wangu. Kwa kuwa Bozena alimlisha Papa kama mwanawe, Papa aliniita maman. "Maman, niletee chumvi." "Maman, umelala salama?" Hakuwahi kunichapa hata siku moja, maana ni nani anayemchapa mama yake? Majirani na watu wa parokia waliwaita wazazi wangu Papa Bozena na Maman Bozena, kama ilivyo desturi kwa mzaliwa wa kwanza, hivyo jina langu lilikuwa limebandikwa nyumba nzima. Kulibandua kungekuwa kazi. Lakini alikuwepo mtu mmoja aliyekuwa tayari kuifanya kazi hiyo.

Mtu huyo alikuwa Shangazi Clotilde, dada mkubwa wa Papa, aliyekaa mitaa miwili kutoka kwetu na aliyeingia kwetu bila kubisha. Shangazi alikuwa na sauti ya kupigia misa, viatu vya kisigino hata jikoni, na kumbukumbu ya kila desturi ambayo wengine waliisahau kwenye ndege. Jioni moja tulipokuwa mezani, wiki sita kabla ya komunyo yangu ya kwanza, aliweka mkoba wake juu ya friji na kutangaza vita.

"Papa Bozena, bon, sikia. Huyu mutoto ana miaka tisa. Majina yake haikukuya kumuona hata siku moja. Mwaka jana alivunja jino kwa ngazi. Mwaka huu batoto bote balipona tetekuwanga, yeye njo alianza. Unafikiri ni bure? Jina inamukataa. Asiyekuwapo na lake halipo!"

"Yaya Clotilde, ngoja kwanza," Papa akasema, maana kwetu yaya ni ndugu mkubwa.

"Nimengoja miaka tisa. Donc, siku ya komunyo, kama ule muzungu hakuye, mutoto atakamata jina yangu. Nitamufunga kitenge miye mwenyewe. C'est tout."

Maman alikuwa ndiyo kwanza arudi kutoka kazini, Uccle, ambako alihudumia wazee katika nyumba moja kubwa yenye bustani. Alivua viatu, akanyoosha vidole. "Miye nilizaa mutoto, nyinyi munagombania jina. Mungegombania vyombo, jikoni ingekuwa safi."

Mimi niliacha kutafuna. Clotilde! Nilimtazama Papa nikingoja akatae, apige meza, aseme kwamba mama yake habadilishwi jina na mtu. Papa alikata kipande cha bukari, ugali wetu, akakizungusha vidoleni muda mrefu, akasema, "Tutaona." Tutaona! Ninyi mnajua neno hilo la wazazi. Maana yake ni kwamba wameshaona.

Lazima nimtendee haki Shangazi, kwa sababu wakati ule nilimchukia waziwazi na kwa bidii. Alikuwa na watoto wa kiume watatu na wapwa kumi na mmoja, na katika watu wote hao hapakuwa na msichana aliyepewa jina lake. Kila mtoto wa kike alipozaliwa alinunua kitenge, akakikunja, akangoja, na kila mara jina likaenda kwa mwingine. Sikulijua hilo. Nililijua nilipokuwa mkubwa, na ndiyo sababu binti yangu anaitwa Clotilde, na ndiyo sababu sithubutu kumfokea. Lakini nikiwa na miaka tisa niliona tu mwanamke mwenye visigino anayetaka kuniingia mwilini.

Nilimwendea Papa kesho yake akinyoa ndevu. "Papa, Bozena yuko wapi?"

"Iko mbali, maman."

"Mwandikie barua."

"Nitaandika."

"Leo?"

Akafungua maji ya bomba kwa nguvu, nami nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Papa alikuwa mvivu wa barua. Kodi, bima, shule, karatasi zote aliziacha zikirundikana mpaka Maman apige kelele. Nikajisemea kwamba anwani imepotea ndani ya rundo lile, na kama mambo yako hivyo, basi nitamtafuta Bozena mimi mwenyewe.

Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo mtoto wa Matonge pekee angeweza kulifanya. Jumamosi, Maman aliponichukua Chaussée de Wavre, barabara ya maduka ya Matonge, niliona jinsi watu wa kwetu wanavyotafutana. Unaingia duka la vitenge, unasema, "Ninamutafuta Maman Ilunga wa Likasi." Muuza vitenge anakuelekeza kwa msusi, msusi anakuelekeza kwa muuza samaki wa chumvi, na kwa muuza samaki unamkuta Maman Ilunga mwenyewe amekaa anakula karanga. Duka la tatu, halizidi. Nikaona hakuna shaka kwamba Wapolandi nao wako hivyo hivyo. Tena niliamini kwamba akina Bozena wote duniani ni ukoo mmoja, wanajuana, na yeyote kati yao akisikia majina mdogo yuko hatarini atakuja mbio. Bozena yule, Bozena huyu, kwangu ilikuwa mamoja.

Nyuma ya kanisa la Wapolandi kulikuwa na duka la Kipolandi ambalo nililipita kila siku nikitoka shule. Niliingia. Soseji zilining'inia kutoka darini, pipa la kabichi lilikuwa wazi, na harufu yake ilinipanda mpaka machoni. Nyuma ya kaunta alisimama mwanamke mwekundu wa mashavu, aproni imembana.

"Namtafuta Bozena," nikasema kwa Kifaransa changu cha heshima.

"Bozena yupi? Hapa wanaingia akina Bozena kama viazi."

"Yeyote, madame. Ni kwa ajili ya jina langu."

Nikampa karatasi niliyoiandika usiku uliopita badala ya hesabu. Naikumbuka neno kwa neno kwa sababu niliinakili mara nne. *Natafuta Bozena. Mimi pia ni Bozena. Tafadhali njoo Jumapili ya komunyo yangu saa nane mchana, ukumbi wa parokia. Usipokuja watanibadilisha jina niwe Clotilde. Utanishika mkono na kusema maneno matatu, nitakufundisha. Chakula kipo cha kutosha.* Chini nilichora kanisa, na mshale.

Mwanamke aliisoma. Aliisoma tena. Alijifuta jicho kwa ncha ya aproni, nami nikadhani ni kabichi. Kisha akaniuliza tarehe na parokia yetu, akachukua kalamu, akaandika maneno ya Kipolandi pembeni, mengi kuliko yangu, akaibandika dirishani katikati ya tangazo la chumba cha kupanga na tangazo la basi dogo la kwenda Krakow. Akanipa tango la chumvi. Nililila lote kwa adabu, na Mungu anajua lilikuwa chachu.

Nikangoja. Kila siku nilipita dirishani, na karatasi yangu ilikuwepo, lakini hakuna aliyekuja kubisha nyumbani, kwa sababu, kwa akili zangu zote, sikuwa nimeandika anwani ya nyumbani. Wakati huo Shangazi hakulala. Alinichukua Matonge kununua gauni jeupe, na baada ya gauni akanivuta kwenye duka la vitenge, akaagiza vifunuliwe mpaka muuzaji akaomba maji.

"Ile ya ndege iko muzuri," Shangazi akasema, akinishikisha kitambaa cha kijani chenye ndege wa manjano. "Clotilde moja, Clotilde mbili. Tutakuwa bazuri, hein?"

"Mimi naitwa Bozena, Tantine."

"Mpaka Jumapili, chérie."

Alinibusu kwenye utosi. Nililia njia nzima hadi nyumbani, naye alinunua aiskrimu akidhani viatu vinanibana. Nilijua kabisa ninacholilia. Nikiitwa Clotilde, Papa hatakuwa na sababu ya kuniita maman. Nitakuwa dada yake, au nitakuwa mtoto tu kama watoto wengine, na siku nitakayovunja sahani nitachapwa.

Jumapili ikafika, na misa ikaisha bila mimi kuanguka wala kutapika, jambo ambalo Maman alikuwa ameliombea novena. Tukahamia ukumbini. Kulikuwa na watu kama hamsini, meza ndefu, sufuria za sombe, yaani kisamvu, samaki, bukari iliyofunikwa taulo, na kaseti ya mtu fulani iliyokataa kucheza. Saa nane ikapita. Nilisimama karibu na mlango katika gauni langu jeupe, na kila kivuli kilichopita nje kilinirusha moyo. Saa nane na nusu Shangazi akagonga glasi kwa kijiko. Kitenge cha ndege kilikuwa begani mwake.

"Ndugu na jamaa," akaanza, "leo tuko na furaha mbili..."

Mtu akabisha hodi. Mlango ulikuwa wazi, lakini alibisha hata hivyo. Alikuwa bibi kizee mwenye fimbo na kofia yenye ua, na mkononi keki iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi. Alitutazama sisi hamsini bila woga, akauliza kwa Kifaransa kilichovunjika vipande: "Bozena yuko wapi? Nimesikia wanamnyang'anya jina."

Mjomba mmoja mezani akanong'ona, "Muzungu huyu amepotea?" Nami nikapiga kelele, "Ni mimi! Ni mimi!" nikamkimbilia, nikamkumbatia kiunoni, keki ikayumba. Kabla sijamwachia wakaingia wawili wengine, wamevaa makoti ya Jumapili. Hao walikuwa wakisafisha nyumba kule Uccle na kila asubuhi walipanda tramu moja, na wote wawili, naam, akina Bozena. Maman akaruka kutoka kitini: mmoja wao alikuwa akipiga deki korido za nyumba yake ya wazee, wamesalimiana miaka minne kwa "bonjour" tu bila kuulizana majina! Mwisho akaja msichana wa miaka thelathini hivi, muuguzi, anahema, akasema Kifaransa safi kwamba yeye analichukia jina Bozena kwa kuwa ni jina la mabibi, lakini karatasi ile dirishani ilimtia aibu ya kulichukia.

Wanne! Niligeuka kumtazama Shangazi na ushindi wangu wote usoni. Shangazi alikuwa amesimama na kijiko hewani.

"Donc," akasema polepole, "ni nani kati yabo aliyemulisha ndugu yangu?"

Sikuwa nimefikiria swali hilo. Nilimtazama Papa anisaidie, na hapo nikamwona amesimama, uso umempauka, akimtazama yule bibi wa fimbo. Akamwendea. Akazungumza naye Kipolandi. Sikuwahi kumsikia baba yangu akisema lugha ile, na sauti yake ikawa nyingine, nyembamba, ya kijana. Bibi akamjibu, akatikisa kichwa, akamshika kiwiko. Papa akafunika macho kwa kiganja.

"Si yeye," akatuambia. "Nilifikiri... hapana. Si yeye. Haiwezi kuwa yeye." Kisha akavuta pumzi. "Bozena alikufa. Barua ya jirani yake ilinikuta hapa, mutoto angali anasukumwa kwa poussette. Sikuambia mutu."

Nilisikia maneno hayo lakini niliyaelewa polepole. Kumbe Papa hakuwa mvivu. Kumbe bomba lile lililofunguliwa kwa nguvu halikuwa la kunyoa ndevu. Miaka yote alijua, na kila mara nilipomuuliza nilikuwa nikimkanyaga penye kidonda, mimi na maswali yangu ya kelele. Niliona aibu kali, ya kwanza ya maisha yangu ambayo haikutokana na kukamatwa.

"Umetudanganya miaka saba!" Shangazi akasema, lakini kisigino chake hakikugonga sakafu. "Alors, kwa nini? Majina akikufa, mutoto anaambiwa. Mutu anapigiwa aksanti mbele ya batu. Wewe unajua!"

"Njo sababu," Papa akasema.

Na akaeleza, akisimama katikati ya ukumbi na suti yake ya arusi. Kwamba siku ya kuondoka Polandi, Bozena alimwandalia mikate ya njiani, akaifunga kwa karatasi, akamngojea jikoni. Na yeye, kijana wa miaka ishirini na sita, mhandisi mzima, aliogopa kulia mbele ya wapishi, akatokea mlango wa nyuma asubuhi na mapema na sanduku lake. Hakuaga. Alijisemea atamwandikia, na alipoandika akaandika habari za hali ya hewa. Kumpigia asante mbele za watu kulimaanisha kwanza akiri hilo, na hakuweza. Msichana muuguzi alikuwa akiwatafsiria wenzake kutoka Kifaransa cha Maman, aliyekuwa akimtafsiria yeye, na mwisho wa mnyororo ule bibi wa fimbo alijipiga msalaba.

Nilidhani yamekwisha. Mwenye jina amekufa, akina Bozena wangu ni wa kuokota, na kitenge cha ndege kiko begani mwa shangazi yangu. Nilianza hata kujizoesha kimoyomoyo: Clotilde, Clotilde. Lakini yule bibi alisema jambo kwa Kipolandi, akinyoosha fimbo kwangu, na muuguzi akalitafsiri: "Anauliza, kama yule mwingine hayupo, huyu mdogo si ndiye aliyebaki?"

Shangazi Clotilde alikitazama kitenge, akakipitisha vidoleni kutoka upindo hadi upindo. Wakati ule nilifikiri anatafuta kasoro ya kitambaa.

"Ni kweli," akasema hatimaye. "Batu ba kwetu njo banasema vile. Majina mukubwa akikufa, hakuna tena mukubwa na mudogo. Mutoto njo mwenyewe." Akamwita bibi wa fimbo kwa kidole. Akamkabidhi kitenge. "Mumufunge. Nyinyi bote bane."

Wakanifunga kitenge juu ya gauni jeupe, mikono minane, kila mmoja akivuta upande wake, mpaka nikashindwa kupumua. Hakuna aliyejua maneno matatu, nami nilisahau kuwafundisha. Wakasema kila mmoja "Bozena" akinigusa kichwani, na ukumbi wote ukapiga vigelegele kwa sababu watu wa kwetu hawakosi pa kupigia vigelegele.

"Sasa wewe," Shangazi akamwambia Papa. "Ongea naye."

Papa akapiga magoti. Baba yangu, mtu mrefu, alipiga magoti mbele yangu kwenye vigae vya ukumbi wa parokia, akakunja viganja akapiga makofi yale ya taratibu wanayowapigia wakubwa. Uso wake ukawa sawa na wangu. "Maman," akasema. Lakini hakuwa akiniita mimi, nilijua hivyo mara moja, watoto hujua. "Maman Bozena, aksanti. Nilikula kwako nikapona. Niko na muke, niko na batoto. Nilitoka na mulango ya nyuma. Unisamehe."

Shangazi alinitolea macho, maana kwa desturi lazima nijibu, na jibu langu ndilo jibu lake. Hakuna aliyenifundisha la kusema. Katekisimu yote ilinitoka kichwani. Nilimtazama mtu yule aliyepiga magoti, machozi yanamtiririka mpaka kwenye tai, na kitu pekee kilichonijia nikakisema.

"Umekula?"

Papa alitoa sauti ambayo mpaka leo sijui kama ilikuwa kicheko. Muuguzi akatafsiri, na wale wawili wa tramu wakashikana mikono, na bibi wa fimbo akasema "No tak, no tak," ndiyo hivyo kwa Kipolandi, machozi yakimshuka bila yeye kuyafuta. Shangazi Clotilde akapiga kiganja juu ya kiganja. "Njo yeye," akawaambia watu wote hamsini. "Munasikia? Njo yeye mwenyewe."

"Hapana, maman," Papa akanijibu. "Tangu asubuhi sijakula."

Basi nikamshika mkono, nikamwinua, nikampeleka mezani. Nikampakulia bukari na sombe mpaka sahani ikajaa, nikaongeza samaki, nikasimama pembeni yake na kitenge changu kikinibana mbavu, nikimwangalia anavyokula, mpaka akamaliza yote.